Hesabu meno, kisha uliza habari za wembe

Bibi wengi wanaoniletea wajukuu hapa Mwanga, mjini Kigoma, huwa wameshajipa jibu kabla hata ya kukaa kwenye benchi. Huyu wa Kibirizi, muuza dagaa, naye alikuja na lake. Mjukuu wake ana miaka minne, na chini kushoto ana jino pana lenye mfereji katikati, limekaa kama ndizi pacha.

"Dokta, ling'oe tu. Mtoto wa kike huyu, watu wanasema maneno."

Maneno yenyewe nayajua. Mtoto akitangulia kuota meno ya juu anaitwa kigego na watu wanaanza kumkwepa, sembuse mwenye jino pacha. Nikamwambia, "Bibi, ngoja kwanza tuhesabu."

Mtoto wa umri huo anatakiwa awe na meno 20, kumi juu na kumi chini. Mbele chini yanakaa sita: manne ya kukatia na chonge mbili. Lile jino pacha unalihesabu kama moja. Idadi ikipungua kwa moja, maana yake vichipukizi viwili vya meno viligandana vikiwa bado ndani ya taya, kabla havijawa vigumu. Idadi ikitimia, huenda ni kichipukizi kimoja kilichotaka kugawanyika kikaishia njiani. Kanuni hiyo ni nzuri, ila ina mtego ambao vitabu vyenyewe vinauonya: jino la kawaida likigandana na jino la ziada, hesabu inatimia na wewe unaondoka umedanganyika.

Mtego mwingine ni wa huku kwetu. Kwa yule binti sikupata matano, nilipata manne. Kulia, mahali pa chonge, palikuwa patupu, na fizi ina kovu.

"Bibi, alipokuwa mchanga aliwahi kuharisha sana?"

Bibi akaanza kufunga upya kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. "Aliharisha. Wakamtoa ya plastiki."

Ambao hamjawahi kuyasikia, "meno ya plastiki" ni vile vichipukizi vya chonge, vyeupe na laini, vinavyotunisha fizi ya mtoto mchanga. Mtoto akiharisha au akichemka homa, vinasingiziwa vichipukizi hivyo. Anaitwa mtu mwenye wembe, au spoku ya baiskeli iliyonolewa, anachimbua. Kinachotoka kinaonekana laini kwa sababu ni jino ambalo halijakomaa. Chonge za utotoni kwa kawaida hutokeza kuanzia kama mwezi wa 16. Kuhara kunatibiwa kwa maji ya ORS na zinki, na homa inatafutiwa chanzo chake. Wembe unaacha damu, vidonda na maambukizi, wako watoto waliokufa, na mara nyingine unajeruhi hata kichipukizi cha jino la ukubwani kilicholala jirani. Hasira ninayo, lakini nikimfokea bibi hatarudi tena, kwa hiyo huwa naimeza na kuendelea na kazi.

Swali hilo moja lilibadilisha hesabu nzima. Chonge ya kulia ilichukuliwa na wembe. Kushoto ndiko kwenye mgando wa kweli, jino la pembeni la kukatia limeshikana na chonge yake. Bila kuuliza, faili lingesomeka kwamba mtoto kazaliwa na upungufu pande zote mbili. Ndiyo maana naona daktari wa meno wa huku kwetu anayehesabu bila kuuliza historia kafanya nusu ya kazi, hata awe na mashine gani.

Picha ya eksirei ilifuata. Bibi alikubali kuvaa aproni ya risasi amshike mtoto, akalalamika uzito wake kuliko ndoo ya dagaa. Juu, jino lilikuwa na chumba kimoja kipana cha neva, chini mizizi miwili. Nilichokuwa nakitafuta hasa kilikuwa chini zaidi. Kichipukizi cha chonge ya ukubwani nilikiona. Cha jino la pembeni hakikuwepo. Si ajabu: meno ya utotoni yakigandana, mara nyingi moja kati ya yale ya ukubwani yanayopaswa kuyarithi linakosekana.

Hapo ndipo hoja ya kung'oa ilipokufa. Chonge ya chini ya ukubwani hutoka kwenye miaka tisa au kumi. Ukiling'oa lile jino leo, mtoto anakaa na pengo miaka yote hiyo, na meno jirani yanaanza kulalia huko.

Adui wa kweli wa jino kama hilo ni ule mfereji. Mswaki haufiki ndani, uji wa sukari na biskuti vinatulia humo, na kuoza kunaanzia pale huku sehemu nyingine iking'aa. Niliusafisha kwa vifaa vya mkono, nikauziba kwa glasi ayonoma, ile simenti inayoachia floraidi kidogo kidogo. Hakuna mashine ya kunguruma, na kwa tobo dogo mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Tena njia hii ya vifaa vya mkono ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya daktari wa meno Jo Frencken. Huwa nawakumbusha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaodhani kila kizuri cha meno kimeshuka na ndege. Sisi tulioishi Kigoma ya jenereta tunajua thamani ya tiba isiyongoja umeme.

Bibi akauliza nimemtoza ya nini kama sijang'oa kitu. Tukacheka. Akikaribia miaka saba nataka nimwone tena, kwa sababu mizizi miwili iliyoshikana inaweza kuchelewa kuyeyuka, na jino likagoma kuanguka. Likigoma, ndipo koleo itakapopata kazi.

Meno ya ukubwani ni habari nyingine. Yakigandana ni nadra kuliko ya utotoni, ila hayo hayana mrithi, na mwenyewe anajiona kwenye kioo kila siku. Kuna kijana wa Mwandiga, dereva wa bodaboda, anacheka kafunika mdomo. Jino lake la mbele juu ni pana karibu mara moja na nusu ya mwenzake, na lina pengo dogo kwenye ncha. Hesabu yake ilitimia, kwa hiyo mgawanyiko ulioishia njiani au mgando na jino la ziada vyote viliwezekana. Picha ya kawaida ni bapa, haikunionyesha kama neva zimetengana. Nilimwandikia rufaa akapigwe ile ya pande tatu.

Majibu yalionyesha chumba kimoja cha neva. Kama vingekuwa viwili na mizizi miwili, mtaalamu angeweza kulipasua na kuitoa ile sehemu ya ziada, kisha waya zikasogeza meno. Kwa chumba kimoja, kupasua maana yake ni kutibu mzizi kwanza, na jino zima linabaki dhaifu. Kulisaga pembeni kunasaidia kidogo tu; enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ni nyembamba, ukizidisha, maji ya baridi yanakuwa adhabu.

Mtaalamu alimshauri waya kwanza, ili nafasi igawanywe vizuri na meno ya jirani, kisha jino lichongwe kidogo. Mimi pia ningeanza hivyo. Kijana alikataa, safari za kwenda kukazwa waya zingemla siku za kazi. Akachagua mfereji uzibwe kwa dawa ya rangi ya jino, ncha isawazishwe, na kingo zizungushwe ili jicho lilione jembamba kuliko lilivyo. Sasa anacheka wazi. Namdai arudi tuangalie ile ziba, na kila tukipishana barabara ya Ujiji anapiga honi na kunipungia kwamba atakuja wiki ijayo.