Adhabu ya Kufika Mapema

Machi 2025 nilisimama kando ya barabara kule Elmenteita, vumbi hadi kwenye meno, nikitazama jambo ambalo dereva yeyote wa matatu angelicheka. Toyota Yaris ya Safari Rally imesimama hatua chache kabla ya kibao cha manjano chenye picha ya saa. Dereva anakunywa maji, mwelekezi wake kakodolea saa macho. Wanangoja. Matatu ikapita ikipiga honi, makanga akatoa kichwa dirishani: "Songa mzee, umekwama?"

Hajakwama. Anaogopa kuwahi.

Kati ya sehemu moja ya mashindano na nyingine, magari ya rali hupita barabara zetu hizi hizi, yakiwa na namba za usajili na yakifuata sheria za trafiki za nchi. Kila kituo kina dakika yake. Ukichelewa dakika moja unaongezewa sekunde 10. Ukiwahi dakika moja unaongezewa dakika nzima. Kuwahi ni kosa mara sita ya kuchelewa! Naipenda kanuni hiyo kuliko hata gari lenyewe, na mimi ni mtu wa magari. Subaru yangu imekula pesa ambazo mama yangu bado anadhani ziko benki.

Sasa njoo kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kisumu. Mwezi uliofuata nilikuwa naenda kwa matatu kumwona shangazi. Tulitoka stendi saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na stika ya spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia gari lisipite mwendo uliowekwa, mpya kabisa, inang'aa. Sachangwan tuliovateki malori mawili kwa mpigo. Kericho tukasimama dakika kumi, mtu ashushe magunia yake. Saa mbili na dakika kumi tuko Kisumu. Shangazi akashangaa: "Mwanangu, mbona mapema hivi? Hata chai sijainjika."

Piga hesabu. Ni kama kilomita 180, na matatu haifai kupita 80 kwa saa. Hata usisimame popote, hata matuta yote yang'olewe, unahitaji saa mbili na robo. Sisi tulitumia saa mbili na dakika tano, pamoja na magunia.

Tangu sheria za matatu za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zianze kutekelezwa mwaka 2004 tumekuwa tukifunga gavana, na fundi wa gereji anazifungua. Si ajabu. Anayefika kwanza ndiye anayepanga foleni kwanza, anapakia kwanza, anarudi kwanza, na jioni hesabu ya mwenye gari imetimia. Tumemwekea dereva zawadi ya kuwahi halafu tunamfungia kifaa cha kumzuia asiichukue. (Marehemu baba aliendesha Pijo 504 njia hiyo miaka ya 1980. Hadi anakufa aliamini ushindi wa Safari wa 1975 na 1978 ulimhusu, maana zilishinda Pijo 504.)

Kwa hiyo mimi ningeandika saa ya kutoka kwenye karatasi, na ukifika kabla ya dakika yako, unaenda mwisho wa foleni. Basi. Najua mtaniambia watakimbia halafu wapumzike Ahero wakila samaki. Ndiyo maana rali haina kituo kimoja tu. Weka Mau Summit, weka Kericho, weka Awasi. Karani mmoja, saa moja ya ukutani, kitabu.

Nilipokuwa narudi nilikaa mbele na dereva mwingine, kijana mpole, nikamweleza yote hayo kuanzia Ahero. Alisikiliza, akabadilisha gia, akacheka.

"Madam, mimi sina haraka yoyote. Nilipie tu hizo dakika, nitakaa hapo Awasi hata nilale."