Hesabu ya madafu siku ya mbio za dunia Mombasa

Machi 24, 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni. Joto lilimshinda hata Kenenisa Bekele, bingwa tangu 2002. Akaacha mbio njiani, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Kwa muuza madafu, jua la namna hiyo ni riziki. Riziki kiasi gani, ndilo swali.

Nilichukua madafu 250. Yateremshwe kwa kamba yakiwa vichalani, kwa sababu dafu lililoangushwa hupata ufa usioonekana, na kwa joto la Machi maji huchacha upesi. Lililobaki kichalani, kivulini, limefunikwa makuti, hustahimili siku tatu. Mkokoteni wangu hubeba kama 125, kwa hiyo safari mbili, zote alfajiri kabla njia hazijajaa watu.

Pa kusimama ni kati ya feri na lango, upande wa kivuli. Langoni penyewe watu husukumana na askari huondoa kila kilichozuia njia. Abiria wa miguu halipi feri, basi mtu wa Likoni huvuka na hela yake yote mfukoni.

Nusu ya madafu niliyachonga mapema, nikaacha ganda jembamba bila kufungua mdomo. Mteja akija ni pigo moja la panga tu. Sarafu za chenji zitafutwe tangu jana yake. Anayekosa chenji hupoteza wateja watatu akimhudumia mmoja. Maganda ya madafu 40 hujaza gunia moja, basi beba magunia sita. Ukiyatupa kando ya barabara, kesho hukaribishwi tena.

Niliuza 220 kwa shilingi 20. Niliyanunua kwa 10, kwa hiyo faida 2,200. Yaliyobaki yaliuzika kesho yake. Wengi huishia hapo na kusema mashindano yana neema. Toa 250 za kijana aliyenisaidia. Kisha toa siku ya kawaida, madafu 60, yaani 600, ambazo ningezipata hata pasipo mbio. Toa pia Alhamisi na Ijumaa, siku mbili nilizozungukia kibali na kukusanya mzigo bila kuuza: 1,200. Imebaki 150.

Kwa hiyo mbio zilinifaa, lakini kwa shilingi 150, na kilichokula faida ni zile siku mbili. Kibali kingetoka mapema, na mzigo ukaletwa jioni baada ya biashara, ningebaki na 1,350.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Wauzaji wanaoishi karibu na viwanja waandikwe mtaa kwa mtaa na wapewe nafasi zao angalau mwezi mmoja kabla ya mechi ya kwanza.