Siku Moja Juu ya Bomba la Moshi

Saa 11 alfajiri ninapanga chupa za kioo sandukuni. Zilioshwa jana kwa asidi ya nitriki, kwa sababu metali tunazozitafuta ni kidogo mno kiasi kwamba alama ya kidole tu inaweza kuharibu kipimo. Njiani tunanunua barafu ya kupozea chupa hizo kwa wauza samaki, na kufikia saa 2 asubuhi mimi na mwenzangu tumeshafunga mikanda ya usalama na kuvuta vifaa kwa kamba hadi kwenye jukwaa la bomba, zaidi ya mita 20 kutoka ardhini.

Mimi ni mpimaji wa moshi wa viwandani. Leo tuko kwenye kiwanda cha nguo ambacho boila yake huchoma makaa ya mawe kutoka mkoani Ruvuma. Wengi hudhani kazi yangu ni kutazama kama moshi ni mweusi au mweupe, ilhali kinachonipandisha huku hakionekani kwa macho. Tani moja ya makaa ya mawe kwa kawaida hubeba takriban gramu 0.1 ya zebaki, pamoja na aseniki, risasi na kadimiamu. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, kwa hiyo ndani ya tanuri karibu yote hugeuka mvuke, moto uwe mkali au wa wastani. Hizo nyingine hutegemea sana namna moto unavyoendeshwa: kadiri chembe ya kaa inavyopata joto kali, ndivyo metali nyingi zaidi zinavyotoka kama mvuke badala ya kubaki kwenye majivu ya chini, na oksijeni ikipungua baadhi yake hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi. Moshi ukipoa, mvuke huo huganda juu ya chembe laini kabisa za majivu. Mtambo wa hapa huzungusha moshi ili vumbi lianguke, lakini chembe hizo laini huuponyoka, nazo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu.

Kipimo cha kwanza kilianza saa 3 na kuisha saa 5, bila tatizo.

Tabu ilianza saa 6. Usiku mvua ilikuwa imenyesha juu ya rundo la makaa lisilofunikwa, na makaa mabichi yalipofika tanurini moto ulififia. Ili mvuke wa kiwandani usishuke, mafundi waliongeza makaa, na tabaka likawa zito mno kwa hewa iliyopita. Mita yangu ilionyesha oksijeni ikishuka kutoka asilimia 9 hadi 4, kaboni monoksidi ikapanda, na moshi mweusi ukatanda. Dakika chache baadaye msimamizi wa uzalishaji aliniita nishuke.

“Dada, zima mashine yako,” alisema. “Hii si hali ya kawaida ya kiwanda. Njooni makaa yakikauka.”

Nilimgeukia mzee anayechochea boila, ambaye nilikuwa nimemwamkia asubuhi, nikamuuliza hali hii hutokea mara ngapi. Alijibu akiutazama moto: “Mwanangu, masika yote ndivyo tunavyofanya kazi.”

Tulipelekwa ofisini tukangojeshwa, simu zikapigwa, barafu ikawa inayeyuka huku nikieleza jambo lile lile kwa watu watatu tofauti: kupima siku za moto mzuri pekee ni kuandika nusu ya ukweli, na jirani anayeishi upande unakoelekea upepo huvuta hewa ya siku zote. Sikupandisha sauti, ingawa nilichoka kuliko nilivyochoka ngazini. Saa 8 na nusu wakakubali tupime hali zote mbili, mradi kila hali iandikwe wazi kwenye fomu.

Kilichofuata sikumbuki vizuri kwa saa. Upepo uligeuka ukatuletea moshi, tukavaa barakoa, jukwaa likawa la moto chini ya viatu. Chupa ya pamanganeti, kemikali inayonasa zebaki, inapaswa kubaki na rangi ya zambarau hadi mwisho. Yetu ilipauka, kwa hiyo kipimo kizima kikafutwa na tukaanza upya. Mwenzangu, ambaye bado anajifunza, aliuliza kama masizi hayatusaidii, kwa kuwa kaboni isiyoungua hunasa zebaki. Ni kweli hunasa, hasa moshi ukishapoa, lakini bombani mlikuwa na nyuzi joto karibu 190, na masizi yanayotoka nje hutoka na zebaki yaliyoinasa.

Jua lilikuwa limezama tulipoziba chupa ya mwisho. Nikaandika: makaa yaliyolowa, tabaka nene, oksijeni asilimia 4. Msimamizi akatia saini bila neno.

Mzee alikuja wakati tunapakia gari. Aliuliza kama majivu anayoyafagia kila mwisho wa zamu nayo yana sumu hiyo. Nilimweleza kwamba vumbi la chini ya mtambo wa kunasa ni baya kuliko majivu ya tanurini, kwamba alilowanishe kwanza na asilifagie likiwa kavu, wala asiliguse kwa mikono mitupu. Katika boksi letu zilibaki barakoa mbili. Nikampa zote.