Kumbukumbu ya Hilux yangu: tak-tak ya eshapema

Siku ya posho, asubuhi

Hilux yangu ni ile ya zamani ya diezeli, moteri ya 3L, mwili ulisha kuchoka lakini bado inavuta. Tangu wiki mbili eshapema, ile tuyo yenye kutoa moshi, iko na kelele, asubuhi ukiiwasha baridi inafanya tak tak tak kama mutu anapiga debe na kijiko, ikipata joto inapunguka mpaka unadhani imejiponya yenyewe. Nikaipeleka ku garaji moja kubwa ya hapa Goma, bakainama mara moja tu bakaniandikia karatasi: silensiye mpya (ile kopo ya kupunguza kelele) na tuyo yote ya nyuma, dolari 380, mikono ya kazi hawajahesabu. Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Juu silensiye ikitoboka inanguruma muda wote, baridi ao moto. Hii yenye kunyamaza inavuja mbele, karibu na moteri, chuma kikipata moto kinapanuka na kuziba kale kapengo. Sijui kama hawakujua ao walitaka tu dolari.

Na tena moshi ulikuwa unaingia mu kabini, pale kingozi cha levye ya vitesi kimepasuka. Bibi yangu akitoka Sake anafika kichwa kinamuuma. Sisi batu ba Goma tunajua mazuku, gazi inatoka mu udongo na kulala mu mashimo, mbuzi ikishuka hapo haipandi tena. Ya gari si ileile, mazuku ni gazi karboniki na ni nzito njo maana inalala chini, ya eshapema ni monoksidi ya kaboni, lakini zote hazina harufu, unachonusa ni ule moshi mwingine tu. Najua diezeli inatoa kidogo kuliko esansi, lakini na hii vumbi yetu nani anafungua madirisha?

Saa nane

Moteri ikiwa baridi kabisa nikaita kijana wa kwado, mwenye kuziba pine, na kompresere yake, tukaingiza hewa ku mdomo wa eshapema, tambara ikizunguka, mimi niko juu na burashi na maji ya Omo. Ku silensiye hakuna hata povu moja. Ku kiungo cha kolekteri, kile chuma chenye kukusanya moshi wa moteri, na tuyo ya mbele, mapovu kama mutoto anaoga! Na ukiangalia vizuri kuna masizi meusi yalichora mustari, yalikuwa hapo siku zote, mimi njo sikuangalia. Bulo (bolti) moja imekatika, jwenti, ile ya kuziba katikati ya vyuma, imeungua upande mmoja. Nikamwagia diezeli bulo zote nikaenda kulala.

Siku ya Mungu, kisha misa

Kle (spana) ya 14, ekru (nati) ya kwanza ikakubali, ya pili ikakataa, nikaipasha na shalimo, ile ya moto wa gazi, nikagusisha mushumaa, nta ikaingia mu meno yake, ikatoka. Ile yenye kukatika ilibaki na kichwa cha milimita tano hivi. Nilitaka kuitoboa, kijana musuderi wa jirani akacheka: « Yaya, ukitoboa na hiyo mashini utaharibu kolekteri. Tutasudere ekru juu yake. » Umeme ukakatika, tukangojea mpaka saa kumi. Batri tulitoa kwanza, hiyo usisahau, ukisudere na batri imefungwa altenatere inaweza kufa. Akasudere ekru, akaacha wekundu upotee, akazungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, mbele, nyuma. Ikatoka yote! Nikapiga kelele mpaka batoto bakakuja kuangalia.

Lakini bulo haikatike bure. Nikarudi chini ya gari na toshi nikakuta ule mpira wenye kushikilia tuyo ya katikati haupo tena. Avenue yetu imelala juu ya lava ya 2002, mawe tupu, jiwe moja lilishakula ule mpira zamani, na tangu hapo tuyo yote ilikuwa inaning'inia na kucheza, uzito unavuta ile bulo kila shimo. Ningelipa zile 380, silensiye mpya ingening'inia vilevile.

Jwenti dolari 6, bulo mpya na ekru za shaba 5, kijana 10. Mpira nilikatiwa mu pine ya zamani na fundi wa viatu vya mpira, franka 1000.

Siku ya pili

Kwenda Sake na kurudi, nikangoja ipoe, nikarudia kle. Ekru moja ilikubali robo mzunguko, zingine hapana. Nimepangusa masizi na kuchora choki pale, kama inavuja tena nitaona weusi. Leo asubuhi niliiwasha baridi, nikasikia pompe ya enjeksyo tu na jogoo wa jirani. Kingozi cha levye bado sijapata, kwa sasa nimeshonea kipande cha shambereri, mpira wa ndani ya pine.