Vipande saba vya kadibodi na pembetatu iliyopotea

Binti yangu alipotimiza miaka sita alikuwa tayari anahesabu hadi mia bila kukwama, kwa mdundo uleule anaoimbia nyimbo za mchakamchaka. Siku moja nilimpa maharage kumi na manane nikamwomba ayagawe mafungu mawili yanayolingana, naye akaanza kuimba namba. Namba zilikuwa bado ziko mdomoni, hazijashuka mikononi. Jioni hiyo nilichukua boksi tupu la sabuni nikamkatia tangramu.

Tangramu ni fumbo la Kichina la vipande saba vinavyopangwa kuunda maumbo, lililofika Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, na kulitengeneza kunahitaji rula, penseli, wembe na kadibodi ngumu tu. Nilichora mraba wenye upande wa sentimita 20, nikaugawa katika miraba midogo 16 ya sentimita tano tano, kisha nikakata pembetatu kubwa mbili, ya kati moja, ndogo mbili, mraba mmoja na msambamba mmoja, yaani umbo la pande nne kama mstatili ulioinamishwa. Kona zote za vipande hivyo hukaa pale mistari ya miraba midogo inapokutana, kwa hiyo hata mzazi asiye na mkono wa kuchora hatapotea.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufundisha. Nilianza kwa kutaja majina, nikamtaka arudie neno "msambamba" mara tatu, na kufikia mara ya tatu alikuwa anamwangalia kuku aliyepita uani. Wiki iliyofuata nilimwaga vipande mkekani nikakaa pembeni na chai yangu. Nakiri kwamba kunyamaza huko ndiko kazi ngumu kuliko zote, maana mtu mzima akiona kipande kimebakiza nusu kidole kifike mahali pake, mkono humwasha. Lakini kipande kisichoingia humjibu mtoto papo hapo, bila hasira wala kalamu nyekundu, naye hukigeuza na kujaribu tena. Nikimsogezea mimi, ninakuwa nimemnyang'anya swali lililokuwa lake.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitokea pale alipoweka pembetatu ndogo mbili juu ya mraba zikaufunika wote, akazihamishia kwenye pembetatu ya kati zikaifunika, kisha kwenye msambamba, napo zikaenea. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameniapia kwamba msambamba ni mkubwa kuliko mraba, "kwa sababu ni mrefu". Alirudia zoezi hilo mara nyingi, kama mtu anayehesabu upya chenji asiyoiamini. Kaka yake wa miaka minane, aliyekuwa akijifanya hayamhusu hayo, akasogea na kuanza kupima kila kitu kwa pembetatu ndogo: ya kati mbili, mraba mbili, msambamba mbili, kubwa nne nne. Akajumlisha, pamoja na ndogo zenyewe mbili, akapata 16, halafu akasema mwenyewe kwamba pembetatu kubwa moja ni robo ya fumbo zima. Shuleni alikuwa amekwisha kuchora robo nyingi za chungwa, lakini hii alikuwa ameipima.

Kosa langu la pili lilihusu maandishi ya boksi. Niliweka sheria kwamba upande wenye maandishi ukae juu daima, ili kazi ipendeze. Kuna umbo moja lililotushinda siku mbili, mpaka binti yangu alipoivunja sheria hiyo akaupindua msambamba chali, ukaingia mara moja. Baadaye nilielewa kwamba pembetatu zote tano na mraba, ukizipindua, waweza kuzipata vilevile kwa kuzizungusha tu, ila msambamba ukipinduliwa huwa umbo la mkono mwingine, kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Sheria yangu ya urembo ndiyo iliyokuwa imefunga mlango.

Visoda navyo vinatusaidia, hasa katika kuzidisha: kumi na mbili hupangika mstatili wa 2 kwa 6 au 3 kwa 4, ilhali kumi na tatu hukataa kila mpango isipokuwa mstari mmoja. Wazee wanaocheza bao barazani, wenye kete 64 na mashimo 32 mbele yao, hupiga hesabu ndefu kuliko hizo bila kutikisa midomo, na sidhani kuna aliyewaanzishia kwa ubao na chaki.

Mwaka 1942 wanahisabati Fu Traing Wang na Chuan-Chih Hsiung walithibitisha kwamba vipande vyote saba vya tangramu huweza kuunda maumbo 13 tu yasiyo na kona iliyoingia ndani. Sisi tumepata sita, na mimi sijawatafutia watoto mengine.

Juzi pembetatu ndogo moja ilipotea. Nilikuwa nimekwisha kuinuka kufuata rula, niliporudi nikamkuta binti yangu ameilaza pembetatu ya kati juu ya karatasi, ameichora pembeni mwake, ameikata na kuikunja katikati, kona juu ya kona. Akaitandaza, akafuata mkunjo kwa mkasi, nusu moja akaitia kwenye kopo pamoja na vipande vingine. Nusu ya pili alinipa mimi, akisema niiweke akiba.