Koseti ya mkonge: kamba imekataa, singa zimekubali

Imesimama! Koseti yangu, lile vazi la kubana kiuno, nimeiweka mezani, kulabu zote zimefungwa, hakuna mtu ndani, na imesimama wima. Nimeibana kiunoni kwa viganja viwili, ikaingia kidogo, nilipoachia ikarudi mahali pake. Kinachoishikilia pembeni na mgongoni si chuma wala plastiki, ni mkonge wa hapa hapa Tanga. Naandika usiku huu huu, vumbi la singa, yaani nyuzi za mkonge, bado limenijaa mikononi, kwa sababu nikilala nitasahau nusu ya niliyoyafanya.

Mambo ya msingi kwa ufupi. Mtindo ni wa miaka ya 1880, vipande sita kila upande, kamba mgongoni na mwanya wa sentimita 5. Mbele, washonaji wa wakati huo walikuwa na bamba la chuma la vipande viwili, kimoja vitufe, kingine vitanzi. Kuliagiza kutoka Uingereza ni gharama ya jora zima la kitambaa, bado ushuru. Mimi nimechukua ukanda wa chuma uliofungia robota la mitumba, nikaukata kwa mkasi wa bati, nikaubebanisha mara mbili, nikapiga tupa kingo zote, nikauviringishia plasta ya kitambaa. Kulabu ni za suruali, tano. Si pazuri kutazama kwa karibu, lakini panafunga.

Kitambaa ni kile cha mistari cha kushonea magodoro ya sufi, tabaka mbili. Nakisifia kila mtu anayekubali kunisikiliza. Kimefumwa kwa kubana, hakivutiki ukikikata kwa kufuata uzi, na ile mistari yake inakuwa rula: ukitaka mfereji wa mfupa, yaani wa kupitishia kijiti kinachoipa koseti ugumu, unyooke, fuata mstari tu. Drili ya kaki nayo ni nzuri, ila huko utachora kila mfereji kwa chaki mpaka uchoke.

Mifupa ndiyo iliyonitoa roho.

Nilianza na mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya, ile mipana, kwa sababu kila anayeshona koseti nyumbani anaisifia. Inawezekana kwenye nchi za baridi. Kwa joto letu la Januari, ukiivaa mchana mmoja inashika mkunjo wa tumbo lako na haiachii tena. Ukiivua unakuta koseti imekaa kitako. Mikanda ya plastiki ya marobota ni myembamba mno, tena inapasuka kwa urefu, na ule mpasuko unachoma. Ule wa chuma unafaa mbele tu, mahali ambapo nimeweza kuufunika vizuri. Kuuweka ishirini na kitu kuzunguka mwili wenye jasho ni kujitafutia kutu na mikwaruzo.

Ndipo mkonge ukaja. Sikuubuni mimi. Karne ya 19 ilipokuwa inakwisha, mabamba ya mdomoni mwa nyangumi, kitu cha jamii ya kucha kinachopinda na kurudi, yalikuwa yamepanda bei kwa sababu nyangumi walikuwa wamewindwa kupita kiasi. Watengenezaji wakahangaika kutafuta mbadala. Warner Brothers wa Marekani, watengenezaji wa koseti na si wale wa filamu, wakatoa koseti walizoziita Coraline, ambazo mifupa yake ilikuwa nyuzi za mmea wa Mexico uitwao ixtle, jamaa wa karibu kabisa wa mkonge wetu. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Mkonge wenyewe asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta pwani hii mwaka 1893 kupitia Florida, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ikafika hai 62 tu. Sasa mimi nimekaa Tanga, mashamba yako kila upande wa barabara ya Muheza, halafu nanunua plastiki?

Basi nikanunua kamba ya mkonge dukani, milimita 5, nikaipitisha kwenye mifereji. Ilikataa. Ilijaa vizuri, ilitunisha mistari ikapendeza, lakini ukiishika koseti inalegea mkononi. Nikailoweka kwenye uji wa wanga wa muhogo nikaianika: ikawa ngumu kama ubao, nikashangilia. Nilipoivaa, jasho likaulainisha wanga, na usiku mende wakaja kumalizia uliobaki. Nikajaribu nta ya nyuki. Ile angalau mende hawaitaki, lakini pasi ilipopita juu yake kitambaa kikanywa nta yote, madoa mpaka leo. Shangazi alikuwa akipita anatazama tu. Mwisho akaniambia, "Mwanangu, huo si mkaja tu? Sisi tulijifunga kanga tukapona, wewe unauwekea mifupa ya nini?" Sikuwa na jibu la heshima.

Kilichonifungua akili ni kuifumua ile kamba. Kamba imesokotwa ili ipinde. Kila uzi ndani yake umezunguka, na ukiikunja nyuzi zinateleza moja juu ya mwenzake, ndiyo maana inafungika fundo. Hiyo ndiyo kazi yake. Mimi nilikuwa nataka kinyume chake kabisa: nyuzi zilale sambamba bila msokoto, zibanwe kwa nje kiasi kwamba hakuna unaoweza kuteleza. Zikibanwa hivyo zinapinda kwa pamoja kama kijiti, na kijiti hurudi. Wale wa Coraline nao hawakutumia kamba. Walizifunga nyuzi zao kwa uzi uliozungushwa kwa nguvu. Sentensi hiyo nilikuwa nimeisoma zamani nikaipita.

Kwa hiyo nilikwenda kutafuta singa zenyewe, zilizotoka korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, zikaanikwa lakini hazijaenda kiwandani kusokotwa. Nilipewa fungu la daraja la 3L, zaidi ya sentimita 90, urefu unaotosha mifupa miwili na ushee bila kiungo. Zichane kwa kitana kwanza mpaka vumbi na nyama ya jani vitoke. Halafu angalia: upande wa kitako cha jani uzi ni mnene, upande wa ncha ni mwembamba. Ukizilaza zote upande mmoja utapata mfupa wenye kichwa na mkia. Nusu zigeuze.

Kuzifunga kwa mkono inawezekana. Unatandika fungu kati ya misumari miwili, unazungusha uzi kwenda, unarudi kinyume. Nilimaliza mmoja nikauona mwaka mzima mbele yangu. Cherehani yangu ya Butterfly ni ya mshono ulionyooka tu, kwa hiyo nikamwendea jirani fundi mwenye cherehani ya zigizaga nikamwomba nijaribu jambo la kijinga. Tukaweka mshono mpana hadi mwisho, urefu mfupi, sindano namba 14, uzi wa poliesta. Fungu linapita chini ya mguu bila kitambaa chochote: mkono mmoja unalivuta mbele, mwingine nyuma, limekazwa sana, na sindano inashuka kushoto kwake, kulia kwake, kushoto, kulia. Uzi unalikumbatia. Mara ya kwanza linakuwa duara legelege. Ukilipitisha tena unasikia linakaza, na cherehani inabadilisha mlio. Milimita 4 tayari imekuwa fimbo. Fundi akalikunja, likarudi, akasema "Aisee!" akaniomba kipande akamwonyeshe mumewe.

Hakuna gundi, wanga wala nta. Jasho linalainisha kidogo tu, na likikauka hali inarudi.

Ncha zilikuwa tatizo dogo lenye maumivu makubwa. Singa iliyokatwa ni sindano, inatoboa tabaka zote mbili na kukutafuta ubavuni. Dawa ni kufunga uzi kwa fundo sehemu utakayokata, ukate kwa koleo, halafu uchovye ncha kwenye rangi ya kucha mara mbili. Nyekundu ndiyo niliyokuwa nayo, kwa hiyo ndani ya koseti yangu kuna mifupa iliyopakwa kucha.

Bado haijawa kamilifu. Kipande cha pembeni, pale kiuno kinapoingia ndani zaidi, mifupa miwili bado inavunjika kidogo nikikaa kitini. Nadhani pale panataka mfupa ukatize mshalo badala ya kushuka wima. Koseti nyingi za kamba za wakati huo zina mistari ya mshalo pembeni, na sasa naanza kuona haikuwa pambo.

Neno moja kuhusu matundu ya kamba: zile ringi za fundi viatu, wacheni. Koleo lake linakata nyuzi za kitambaa, na ukikaza kamba ringi inang'oka na kipande. Chukua msharasi, sukuma nyuzi zitengane bila kukatika, zungushia mshono wa tundu la kifungo kwa uzi uliopakwa nta. Unakula muda, subana utaivaa hadi ndotoni, lakini hayang'oki. Ringi za chuma zilikuwepo tangu miaka ya 1820, na bado naona mkono umeshinda.

Nilipanga wiki hii kutia nakshi kwenye ncha za mifereji, uzi wa hariri wa njano, halafu lesi juu. Imeahirishwa. Ile kamba iliyokataa imebaki roli karibu nzima, na jana usiku nikakumbuka sketi za ndani za miaka ya 1830 na 1840, kabla ya zile fremu za chuma za kutanua sketi za 1856: safu kwa safu za kamba zilizoshonewa kwenye pamba ili sketi ya juu itune. Huko kamba inatakiwa ipinde! Kitambaa cha marekani mita sita nimeshanunua. Aliyewahi kushona aniambie safu ya kwanza ianzie umbali gani kutoka kwenye pindo, maana Jumamosi nakata.