Siku moja maishani mwangu: Jumapili ya koni na bendera

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta napakia koni kwenye pikapu. Siku za kazi mimi ni fundi magari hapa Mtwara mjini. Leo klabu yetu ina mbio za magari za kupita kati ya koni, na msimamizi wa usalama ni mimi.

Saa 12 na nusu. Uwanja wetu uko upande wa Naliendele, umepakana na mikorosho. Mkorosho haukwepi gari, kwa hiyo njia naipima kuanzia shinani: hatua 40 ndipo naweka koni ya kwanza. Kusi inavuma, vumbi litaelekea kaskazini, basi watazamaji wanakaa kusini nyuma ya kamba mbili. Gari likishindwa kukata kona hutokea upande wa nje, na huko hasimami mtu, hata mpiga picha.

Saa 2. Ukaguzi. Betri naishika kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikicheza, gari haliingii. Moja nimeikuta imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nimemrudisha mwenyewe akatafute kibanio.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Helmeti iko wapi?"

Anayo, na mkanda wake unashika vizuri. Naingiza mkono chini ya kiti cha dereva, natoka na chupa ya maji ya nusu lita. Nikaiviringisha sakafuni mbele yake, ikaenda kukaa nyuma ya pedali ya breki. Nikamwambia akanyage. Pedali ikagoma katikati. Kijana akanyamaza, kisha akaanza kutoa kila kitu mwenyewe: jeki, tairi la akiba, hadi kandambili.

Saa 3. Kikao cha madereva. Gari moja tu njiani kwa wakati mmoja, ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2, ukiona bendera nyekundu simama hapo hapo. Wakalalamika, kama kawaida: "Fundi, koni zimezidi, tutafurahi lini?" Ni kweli, ule mnyooko mrefu nimeukata kwa koni. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara 4, na uwanja wetu haujaongezeka hata hatua moja. Halafu kwenye koni mwenye Starlet, kale kagari kadogo ka Toyota, anaweza kumshinda mwenye injini kubwa. Kwangu raha ya mbio iko hapo, mikononi mwa dereva.

Saa 5 na dakika 20. Mama anayetuuzia chapati amemwagikiwa mafuta ya moto mkononi. Kwa muda mrefu tukammwagia maji ya bomba yaliyopoa, kisha gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya Ligula. Gari hilo tunalo moja tu, kwa hiyo nimesimamisha mbio. Watu wamenung'unika sana, na mmoja wa viongozi wetu akanivuta pembeni: "Kaka, madereva wawili tu wamebaki kwenye raundi hii, waache wamalize." Nikakataa. Hao wawili wangeumia bila gari la wagonjwa, wake zao ningewajibu nini?

Madereva wakafungua boneti, watoto wakaruhusiwa kukaa nyuma ya usukani, injini zikiwa zimezimwa na funguo ziko mfukoni mwangu. Binti mmoja wa kama miaka 8 amekataa kushuka kabisa. Gari la wagonjwa liliporudi, saa 6 na robo, nusu ya watu hawakuwa wameliona.

Saa 8 mchana. Upepo umepeperusha kofia ya mvulana, naye akapita chini ya kamba kuifuata. Bendera nyekundu. Gari limesimama mbali naye, lakini miguu yangu ilikuwa inatetemeka. Mwaka 1986, kwenye rali ya Ureno, watazamaji walikuwa wakisimama barabarani na kupisha gari likiwa limeshafika. Gari moja likawaparamia, watatu wakafa. Nimewasimulia watu habari hiyo kwa kipaza sauti, kisha tukaisogeza kamba nyuma hatua 10.

Saa 11 jioni. Mshindi ni dada mwenye Starlet, hajagusa koni hata moja. Yule kijana wa chupa ameshika nafasi ya 4 na kubaki kukusanya koni pamoja nami.

Saa 1 usiku. Nimepita kwa mama wa chapati. Mkono umefungwa bandeji, maumivu yamepungua. Kabla sijakaa akaniuliza, "Enhe, nani kashinda?"